Soksi za Refa

Jina la Bibi Kijiko hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji, tena kwa ubaya, siku alipomkuta ameinama katikati ya ekari yake ya ngano akigawa mbolea kwa kijiko cha mezani. Kijiko kimoja, hatua mbili. Kijiko kimoja, hatua mbili.

"Bibi, unalima au unapika?" mwenyekiti aliuliza kutoka juu ya pikipiki yake, na pikipiki yenyewe ilikuwa juu ya tuta la mfereji, kwa hiyo alikuwa juu mara mbili.

"Nalisha," alijibu bila kuinua kichwa. "Kupika ni kazi ya jua."

Waliokuwa karibu wakacheka, na kufikia jioni jina lilikuwa limeshatembea mfereji mzima, kichwa mpaka mkia. Mwenye jina hakununa. Alikuwa mke wa refa kwa miaka thelathini na moja, na mke wa refa hutukanwa kila Jumamosi saa kumi na nusu, mvua inyeshe jua liwake. Kijiko kilikuwa nafuu.

Skimu ilikuwa na mashamba sitini, ekari moja moja, yamepangwa ubavuni mwa mfereji kama watoto kwenye benchi. La mwenyekiti lilikuwa la kwanza, pale maji yanapoingia yakiwa na nguvu na haraka. La Bibi Kijiko lilikuwa la sitini. Maji yakifika kwake yalikuwa yameshasalimiana na kila mtu njiani, na yalifika yamechoka, siku ya tano au ya sita. Ekari hiyo aliachiwa na refa. Vingine alivyoachiwa ni filimbi, jozi moja ya soksi nyeupe ndefu za kufika magotini, na wifi.

Wifi huyo, dada wa marehemu, alilima shamba la hamsini na tisa, mpakani kabisa, na alikuwa mwoga wa karatasi. Ukimwonyesha karatasi yenye mhuri, hata kama inatangaza mbuzi aliyepotea, anaanza kujitetea.

Basi fikiria alivyotetemeka siku ilipobandikwa karatasi hii kwenye mlango wa ofisi ya skimu, ngano ikiwa na wiki nne na imeanza kutoa machipukizi:

MBOLEA YA KUKUZIA. SIKU MOJA, WOTE PAMOJA, JUMATATU. MIFUKO MIWILI KWA EKARI. ASIYETII, SHAMBA LAKE LITAJADILIWA.

Kila mtu alijua maana ya kujadiliwa. Mwaka wa nyuma alijadiliwa mzee mmoja wa shamba la ishirini, kwa kosa la kuchelewa kupanda. Siku hizi shamba la ishirini linalimwa na mkwe wa mwenyekiti, na yule mzee anauza miwa kando ya barabara.

Bibi Kijiko alisoma karatasi mara mbili, kidole kikifuata maneno, kisha akamfuata mwenyekiti barazani.

"Mwenyekiti, zamu ya maji mkiani kwetu ni lini?"

"Jumamosi."

"Na mbolea niimwage Jumatatu."

"Ndivyo karatasi inavyosema."

"Kwa hiyo mbolea yangu ikae juani siku tano inangoja maji, kama mtu aliyeambiwa atafuatwa stendi? Hii mbolea nyeupe ukiiacha kwenye udongo mkavu haikai, baba. Inapaa. Mtainusa."

Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi waligeuza shingo. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la heshima na viatu vinavyong'aa, na hakupenda maswali yenye majibu ndani yake.

"Bibi, wageni wanakuja kuangalia skimu. Wakisimama juu ya tuta nataka waone kijani kimoja, kichwa mpaka mkia. Kama sare ya shule. Wewe na vijiko vyako utanitia kiraka."

"Wageni watakula majani au ngano?"

"Asiyesikia la mkuu," mwenyekiti alisema polepole ili benchi zima lipate, "huvunjika guu."

"Guu lenyewe langu," akasema Bibi Kijiko, "na nimeshalizoea."

*

Jumatatu ilipofika, mfereji mzima ulikuwa mweupe kwa mbolea. Watu walitembea na ndoo, wakirusha kwa mikono kama wanaolisha kuku wa jirani, yaani bila hesabu. Bibi Kijiko alikaa kwenye tuta lake, miguu ndani ya mfereji mkavu, akishona mfuko uliotoboka.

"Wifi, nakuomba," alisema wifi kutoka upande wake wa mpaka, ndoo kiunoni. "Mwaga hata mkono mmoja. Mwaga mstari ule wa pembeni, wanaouona."

"Kwani mimi napaka poda?"

"Watakujadili!"

"Waje na mdomo, nami ninao."

Siku ya tatu harufu ilianza. Kule kichwani, maji yalikuwa yameingia siku ileile na mbolea ikazama ardhini vizuri. Lakini mkiani jua lilikuwa kali, umande wa asubuhi ukailainisha ile mbolea bila kuinywesha, na kufikia mchana shamba la wifi lilinuka kama godoro la mtoto mkojozi. Macho yaliwasha. Wifi alisimama mpakani akijifuta pua.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Ni mifuko yako miwili, wifi. Inakwenda mbinguni bila hata kuugua."

Wifi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kupiga chafya.

Jumamosi alfajiri, maji yalipokuwa yanasikika kwenye shamba la hamsini na tano, Bibi Kijiko alitoa kijiko chake. Aligawa theluthi moja tu ya mbolea yake, na alipomaliza mstari wa mwisho akafungua mlango wa maji, yakaikuta mbolea bado ina joto la mkono wake. Theluthi ya pili angeitoa ngano ikianza kurefuka. Ya tatu ikibeba mimba, pale shina linapovimba kabla suke halijatoka. Yeye hakuona ajabu yoyote. Alikuwa amelea watoto saba, na hakuna hata mmoja aliyemlisha uji wa mwezi mzima kwa siku moja.

Ila kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakukipimia. Pembeni mwa shamba, sambamba na mtaro, aliacha ukanda wa upana wa hatua tatu, akaumwagia mbolea yote ya msimu kwa mkupuo. Huo aliuita Kitindamimba.

Kitindamimba alikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupendeza. Kwa kuwa alishiba kupita kiasi, rangi yake ndiyo iliyokuwa kipimo: siku ambayo ngano nyingine ingeonekana imepauka ikiwekwa kando yake, Bibi Kijiko angejua wana njaa, achukue kijiko. Siku ambayo hakuna tofauti, kijiko kinabaki jikoni. Kazi ya pili ni kuugua. Hili nalo alilijua kwa watoto wake: yule wa mwisho, aliyedekezwa akala kila alichokitaka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kila mafua yaliyopita mtaani. Ngano iliyovimbiwa ni hivyohivyo. Majani yake ni laini, yamesongamana, hewa haipiti, na ugonjwa wowote ukija unabisha hodi kwake kwanza.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Bibi Kijiko alikwenda kumjulia hali Kitindamimba. Alikuwa hamwangalii usoni. Alichuchumaa na kumfunua majani ya chini, kama mama anayetafuta upele kwenye makwapa.

*

Wiki ya tisa alifunua majani, na dole gumba likatoka na rangi ya chungwa.

Alilitazama dole. Akalifuta kwenye sketi. Akafunua jani jingine, akalikaza mbele ya jua: vipele vidogo vidogo, vimepasuka, na unga ndani.

"Wifi! Njoo huku, acha hicho kikombe."

Wifi alikuja na kikombe. Aliangalia dole la wifi yake, akaangalia la kwake baada ya kugusa jani la shamba lake mwenyewe. Lilikuwa na chungwa kidogo pia, ingawa la kwake halikuwa jingi, maana mbolea yake nusu ilikuwa imeshahamia mbinguni.

"Si vumbi la barabara hili?" alisema. "Huko kichwani wote wanalo. Wanasema ni malori."

Hapa ndipo skimu nzima ilipoteleza. Juu ya mashamba ya kichwani ilipita barabara ya udongo mwekundu, na kila kiangazi malori yalitimua vumbi likatua juu ya ngano. Watu walizoea kurudi nyumbani na suruali nyekundu. Mwaka huu walirudi nazo vilevile, wakazikung'uta vilevile, wakaoga wakalala.

"Wifi yangu," alisema Bibi Kijiko, "barabara iko wapi?"

"Kule kichwani."

"Na sisi tuko wapi?"

"Mkiani."

"Basi vumbi gani hili linalotembea kilomita tatu kwa miguu kuja kunisalimia mimi? Tena vumbi hukaa juu ya jani. Hili limetoka ndani, limepasua ngozi. Hii ni kutu ya ngano, ugonjwa wa ukungu. Wiki tatu hizi zinazokuja suke linataka kujaa, na linajazwa na jani la juu kabisa. Kutu ikipanda mpaka kwenye jani lile, tutavuna makapi."

Alikwenda ofisini na jani mkononi. Mwenye ghala, kijana mrefu aliyevaa funguo shingoni kama medali, alikuwa amekaa mlangoni. Nyuma yake pampu tano za kunyunyizia dawa zilikuwa zimening'inia ukutani, safi.

"Mwanangu, nipe pampu moja. Kutu imeingia."

"Bibi, wewe jina lako limeandikwa kwa wino mwekundu. Mwenyekiti amesema pampu ni za waliotii."

"Kutu itauliza nani alitii?"

"Mimi nashika funguo tu, bibi."

"Naona. Zinakupendeza."

Mwenyekiti mwenyewe alitoka ndani, meno yakiwa na kijiti. Alilitazama lile jani bila kulishika.

"Vumbi," akasema.

"Baba, ingia shambani kwako. Chuchumaa. Funua majani ya chini."

"Ngano yangu naiona kila siku. Ina kijani hata pikipiki inaona haya kupita." Waliokuwepo wakacheka, maana ndiyo kazi waliyoijia. "Bibi Kijiko, usilete mambo ya kutu ili kukwepa kikao. Kikao chako ni Jumanne ya wiki ya pili kutoka leo, saa nne. Shamba la sitini ni la kujadiliwa."

Ukweli ni kwamba mwenyekiti alilima kwa macho ya pikipiki. Kutoka juu ya tuta unaona majani ya juu tu, na kutu, kama mwizi mwenye akili, huanzia vyumba vya chini.

Bibi Kijiko hakubishana tena. Alikwenda moja kwa moja kwa mume wa wifi yake, fundi wa kupaka chokaa, ambaye alikuwa na pampu ya mgongoni ya kurushia chokaa kuta ndefu.

"Shemeji, niazime mke wako mdogo."

Fundi alishtuka, akatazama mlango kama wifi anasikia. "Mke gani tena?"

"Huyo unayembeba mgongoni kila siku."

"Aa, pampu! Shemeji wewe utaniua. Chukua, lakini ina chokaa mpaka kwenye koo."

Alikaa mchana kutwa akiisafisha. Aliifungua, akatoa kichujio, akachokonoa tundu za mdomo kwa unywele wa ufagio, akasuuza mara nne mpaka maji yakatoka yakiwa maji. Siku ya pili alfajiri, upepo ukiwa bado haujaamka, alijifunga kitambaa puani, akavaa glavu na koti la mvua la refa, akachanganya dawa ya ukungu aliyoinunua duka la pembejeo kama kibandiko kilivyosema, si tone zaidi, akaingia shambani. Alianza na Kitindamimba, akamwogesha chini mpaka juu. Pampu ilikuwa nzito na mgongo haukuwa mpya. Kila baada ya mistari miwili alisimama akauambia mgongo wake maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Dawa iliyobaki alipulizia shamba la wifi. Wifi alisimama mpakani akigeuza shingo huku na huku kuangalia kama kuna mtu anaona.

"Usiogope," Bibi Kijiko alimwambia, "wakiuliza sema nilikuvamia."

*

Siku mbili kabla ya kikao, mwenye ghala alikuja na karatasi. Wifi aliuona ule mhuri, akaketi chini bila kutafuta kiti.

Bibi Kijiko aliisoma taratibu. Ilisema kwamba yeye, mkulima wa shamba la sitini, anakiri kosa la kuvunja utaratibu, anaomba radhi, na kwa hiari yake anaachia nusu ya ekari ili skimu impe mkulima mwingine. Chini kulikuwa na nafasi ya dole gumba.

"Mkulima mwingine huyu ana jina?" aliuliza.

Mwenye ghala aliangalia funguo zake.

"Ni mkwe yule yule, au mwenyekiti ana mabinti wengi?"

"Weka dole tu, bibi. Unabaki na nusu. Usipoweka, utakosa yote."

"Wifi, weka," wifi alinong'ona. "Nusu ni kubwa. Umri umekwenda, utalima nusu kwa raha zako."

Kwa mara ya kwanza msimu ule Bibi Kijiko hakuwa na mzaha mdomoni. Aliitazama ekari yake. Ngano ilisimama wima, masuke yanaanza kuchungulia, kijani cha kiasi. Pale kona ndipo refa alipokuwa akikaa jioni, miguu ndani ya maji, akisimulia mechi ambayo mashabiki walimtaka abadilishe penalti, wakamzingira na mawe mikononi, na yeye akaweka mpira pale pale. "Wangeniua," alikuwa akisema, "lakini wangeniua na penalti yao." Ukiikata nusu hii ekari, ni ipi ungeikata? Ile aliyokalia, au ile aliyoitazama?

Alichovya dole kwenye majivu ya jiko, akaligandamiza kwenye karatasi. Wifi alishusha pumzi. Kisha mwenye ghala aliigeuza, akaona dole limewekwa juu kabisa, katikati ya jina la mwenyekiti.

"Mimi shule niliishia darasa la saba," alisema Bibi Kijiko, "ila la saba nililikaa mara mbili, kwa hiyo nahesabu nimefika la nane. Mpelekee. Mwambie nitakuja saa nne, na nitavaa."

*

Jumanne asubuhi alivaa. Alizitoa zile soksi nyeupe chini ya sanduku, akazipandisha mpaka magotini, akavaa na viatu vya raba. Jua lilipokausha umande aliingia shambani kwake akapita kati ya ngano, mstari hadi mstari, pamoja na kwa Kitindamimba. Alipotoka alikagua. Nyeupe. Palikuwa na alama moja ndogo kwenye kifundo, rangi ya kahawia iliyokufa, na hiyo ilitoka kwa Kitindamimba.

Kisha akachukua mfuko wa plastiki, akaufunga mguu wa kushoto kuanzia gotini mpaka kwenye kiatu, akakaza kwa kamba. Akapanda na tuta mpaka juu. Pale shamba la kwanza alichagua katikati, mbali na barabara, mahali ambapo vumbi la lori lingehitaji nauli kufika, akaingia kwa mwenyekiti. Hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi. Ngano ilikuwa ya kupendeza kweli, nzito, nene, imekumbatiana kama watu msibani. Ndani yake kulikuwa kimya na joto.

Alipotoka hakuhitaji kukagua.

Ukumbi wa skimu ulikuwa umejaa. Mwenyekiti alikaa nyuma ya meza, mkwe wake kando, mwenye ghala na daftari. Bibi Kijiko aliingia na sketi iliyofika chini, akaketi mbele.

"Wote mnajua shauri," mwenyekiti alianza. "Tulikubaliana siku moja, mbolea moja. Mtu mmoja akajiona fundi kuliko wote. Wageni walipokuja waliona kiraka mkiani, nikakosa la kuwajibu. Sasa kabla hatujapiga kura, mhusika ana la kusema? Awe mfupi."

Bibi Kijiko alisimama, akavuta filimbi kutoka kifuani, akaipuliza. Ilikuwa filimbi ya refa, si ya mchezo. Watoto waliokuwa nje walikimbia. Mzee mmoja wa nyuma aliinuka kutoka usingizini akapiga makofi.

"Mwenyekiti uliniambia nisiposikia la mkuu nitavunjika guu," alisema. "Nimewaletea guu mlikague."

Akainua sketi mpaka gotini. Kwanza kicheko, maana wanaume hawakujua watazame wapi. Kisha akafungua ule mfuko wa plastiki akautupa mezani.

Mguu wa kushoto ulikuwa mweupe. Wa kulia ulikuwa wa chungwa, kuanzia kiatu mpaka gotini, kana kwamba ameuchovya kwenye rangi.

"Huu wa kushoto umetembea kwangu, ekari nzima. Huu wa kulia umetembea kwangu vilevile, halafu ukaingia kwa mwenyekiti. Hatua themanini."

"Vumbi!" mwenyekiti alisema. "Vumbi la barabara hilo!"

"Basi likung'ute, baba."

Aliweka mguu juu ya meza, kiatu na yote, juu ya daftari. Mwanamke mmoja wa shamba la kumi na mbili alikuja mbele, akapitisha kidole kwenye soksi, akakisugua na dole gumba. Hakuna hata punje ya mchanga iliyokwaruza. Ulikuwa unga laini kama wa ngano yenyewe. Akaangalia pindo la suruali ya mumewe aliyekuwa kwenye benchi.

"Wewe," alimwambia mumewe, "hilo vumbi nililofua juzi ulilitoa wapi?"

"Shambani."

"Upande wa barabara?"

"Upande wa mtaro."

Kila mtu akawa anaangalia pindo la mwenzake. Mtu wa kwanza alitoka akitembea. Wa pili alitoka haraka. Wa tatu alisahau kofia.

"Kaeni!" mwenyekiti alipiga meza. "Kura bado! Wanaotaka shamba la sitini lichukuliwe, wanyooshe mikono!"

Ulinyooka mkono wake, na wa mkwe wake. Mwenye ghala aliinua wake nusu, akakumbuka kwamba funguo ziko shingoni na watu arobaini wamesimama mlangoni pa ghala, akautumia kujikuna.

"Wanaopinga?"

Bibi Kijiko alikuwa bado na mguu mezani. Alitikisa vidole ndani ya kiatu. Nyuma kabisa, peke yake kwenye benchi refu, wifi alikuwa amesimama. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu.

"Mkono mmoja unatosha, wifi."

"Nimeogopa kuushusha wa pili!"

"Wawili kwa wawili," alisema Bibi Kijiko, "ukihesabu na guu. Na mkutano umekuishia nje, mwenyekiti. Mwambie mtoto afungue ghala. Walio mkiani bado wana siku chache za kuwahi. Wa kichwani," akatazama soksi ya kulia, "wapulize leo leo, na wasitegemee miujiza."

Mwenye ghala hakungoja kuambiwa.

Mwenyekiti alibaki na meza yake. Alitazama madoa ya chungwa juu ya daftari, akayapuliza, yakapaa kidogo yakatua palepale. Mara akawa mzee.

"Lakini ina kijani," alisema, si kwa mtu.

"Ina kijani juu. Ingia ndani." Bibi Kijiko aliinama, akavua soksi ya kushoto, ile nyeupe, akaiweka mbele yake. "Hii imeshasimama mbele ya watu wenye mawe, haitaogopa ngano. Vaa, utembee kwako. Ukirudi nayo ni nyeupe, njoo mkiani uchukue ekari yote. Na kijiko nitakupa."

Akatoka, mguu mmoja mtupu, mwingine wa chungwa, akashuka na tuta. Masuke yalikuwa yanatoka na ndege walikuwa wameanza kuyatolea macho. Alipofika kwake alipuliza filimbi, wakaruka wote kwa mpigo, wakaenda kutafuta mahali penye adabu kidogo.

Mwaka ule mkiani walivuna vizuri, katikati walivuna cha kula, na shamba la kwanza lilitoa makapi mengi kuliko mashamba yote. Karatasi ya siku moja, mbolea moja, ilibanduka mlangoni yenyewe, au ilibanduliwa, hakuna aliyeuliza. Soksi haikurudi. Msimu uliofuata, watu walipoanza kuacha ukanda mmoja mmoja wa kudekeza pembeni mwa mashamba yao, Bibi Kijiko alipalilia na soksi moja. Na kila mara mwenyekiti alipopita juu ya tuta, kwa miguu siku hizi, aliuinua ule mguu mtupu akauliza kwa sauti ya kufika shamba la arobaini:

"Mwenyekiti! Mwenzake huyu bado anatembea tu?"